Mguse Kwanza

Jua lilikuwa limekwisha kushuka upande wa Mindu, na ukungu umeifunika milima ya Uluguru hadi kiunoni, Winfrida alipochukua kikapu akavuka njia kwenda kwa jirani yake Ester kufuata sungura. Safari hiyo kwake ilikuwa ya kawaida kama kufuata chumvi dukani. Mjomba wake, marehemu Bartholomeo, alikuwa akifuga nyoka katika nyumba ile ya Kihonda. Mwenye nyoka amezikwa, lakini nyoka alibaki na tumbo lake.

Ester alikuwa akifunga vizimba. Alipokiona kikapu, akasimama, mikono kiunoni.

"Huyo Mwali wenu ana mimba, Wini, au siku hizi mnafuga wawili?"

Winfrida akacheka, akauliza kwani vipi.

Ester akaeleza. Nasibu, mume wa Winfrida, alikuwa amekuja jana jioni kuchukua sungura. Juzi pia. Na kabla ya juzi. Haingii uani, husimama nje ya uzio, kwenye giza la michongoma, akaita kutoka huko. Jana Ester alikuwa jikoni alipoitwa. Aliitikia, akaamkia kwa adabu, akatoka na sungura mkononi, na hapo ndipo alipoona ni Nasibu.

"Nilimwamkia shikamoo," alinong'ona. "Akaitika marahaba, taratibu, kama mtu mzima. Mimi nimwamkie Nasibu, niliyemzidi umri? Ile sauti, Wini... ilikuwa ya mjomba wako."

Kicheko cha Winfrida kikakatika.

Alijua jambo ambalo Ester hakulijua. Nyoka wa umbo lile hula sungura mmoja, akakaa karibu mwezi mzima asitake kingine. Tena wiki ile Mwali alikuwa anakaribia kujivua gamba, na nyoka anayejivua hali kabisa; sungura wa leo alikuwa wa kuwekwa mpaka amalize.

Basi wale sungura walikuwa wanakwenda wapi?

*

Mwali alikuwa boa, nyoka wa ng'ambo ya bahari, jamaa ya chatu wetu wa mabondeni, ila mpole kuliko chatu na mzuri zaidi wa madoa: mabaka ya rangi ya udongo uliochomwa, yakizidi wekundu kadiri yanavyoshuka mkiani. Mtafiti mgeni aliyepanga chumba kwa Mjomba, zamani hizo, ndiye aliyemwacha pale pamoja na kibali chake, angali mwembamba kama mshipi, akaahidi kurudi. Hakurudi. Mjomba akampa jina la Mwali, kwa kuwa aliwekwa ndani kama binti aliyevunja ungo, haonwi na mtu ila kwa idhini ya mwenye nyumba.

Chumba cha uani kilikuwa makao yake. Sanduku la mbao lenye uso wa kioo lilichukua ukuta mzima. Upande mmoja iliwaka taa ya joto, upande wa pili palikuwa na kivuli, ili achague mwenyewe kuota au kupoa. Katikati, beseni la maji pana kiasi cha kujikunja ndani yake, na pango la magome ya miti la kujifichia. Mlango wa kioo wa sanduku ulikuwa na kufuli lenye ufunguo mmoja, ambao tangu mazishi Winfrida aliuvaa shingoni kwa uzi. Sungura huuawa kwanza, akatiwa katika maji ya moto mpaka apate uvuguvugu wa aliye hai, kisha akapelekwa kwa koleo ndefu. Kamwe si kwa mkono.

Na juu ya yote hayo, kulikuwa na fimbo.

Ilikuwa fimbo ya mpera, iliyong'arishwa na viganja. Kabla ya kumshika Mwali, Mjomba alimgusa nayo nyuma ya kichwa, mara moja, polepole. Nyoka hana masikio ya kuambiwa, alikuwa akisema, na katika mlango ule hutarajia mambo mawili tu, chakula au mkono. Akiguswa na fimbo, anajua kinachokuja ni mkono, anatulia. Asipoguswa, kila kiingiacho ni chakula.

"Mguse kwanza, mama yangu," alimwambia Winfrida kila mara. Alimwita mama kwa sababu Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa wanawake, na Winfrida ndiye aliyezaliwa kushika nafasi ya mama yake Mjomba.

Nasibu hakuwahi kumwita hivyo. Nasibu alimwita Wini. Alikuwa mtu wa utani na vicheko, fundi wa kuiga sauti za watu. Aliweza kuifanya sauti itoke ndani ya sufuria lililofunikwa, na watoto wakalifunua wakitafuta mtu. Mbele ya watu, alipotaka mkewe ajue yupo karibu, alimbonyeza mshipa wa kiganjani kwa kidole gumba, akaachia, akabonyeza tena. Kitu kimoja tu alikiogopa duniani: chumba cha uani. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuvuka kizingiti chake.

Mpaka siku ya matanga.

Nasibu alikuwa wa ukoo wa watani, na katika ukoo wa Winfrida mtani ndiye anayemvaa marehemu. Siku ya kumaliza matanga, huvaa nguo zake, akaiga mwendo na maneno yake, ili wafiwa wacheke katikati ya kilio. Nasibu alivaa koti kubwa la kijivu la Mjomba. Akakohoa kama Mjomba. Akapiga chafya ya ugoro. Kutoka nyuma ya jiko, ambako hapakuwa na mtu, sauti ya marehemu ikalalamika kwamba chai imechelewa, na vikongwe wakacheka wakifuta machozi kwa kanga. Kisha, akinogewa na mchezo, akauvuka mlango wa chumba cha uani.

Mwali, ambaye hakuwa amekula tangu kifo kile, aliinua kichwa. Akasogea hadi kwenye kioo, akatulia mbele ya koti.

Vicheko vikaisha.

Jioni ile ile, koti likiwa mwilini, Nasibu alimpelekea sungura kwa koleo, na Mwali akameza. Winfrida alikuwa amesimama tayari amvue mumewe lile koti, kama alivyofundishwa na wakubwa. Nasibu akamzuia kwa mkono. Nyoka analijua koti hili, akasema. Liache, angalau mpaka azoee. Wakati huo sahani za matanga zilikuwa zinapita. Nasibu akakaa, akala, koti bado mwilini.

Winfrida akamwacha.

*

Alirudi nyumbani kutoka kwa Ester bila sungura. Mlango wa chumba cha uani ulikuwa wazi kidogo, na kwenye upenyo ulitoka mwanga mwekundu wa taa ya joto, pamoja na harufu ya magome mabichi... na ya ugoro. Nasibu hakuwa akinusa ugoro.

Alikuwa ameketi kitini, amelisogelea sanduku mpaka mwanga wa taa ulimwangukia mapajani. Koti alikuwa amelifunga vifungo vyote. Nyuma ya kioo, Mwali alijikunja upande wa kivuli, macho yake yamefunikwa na utando wa bluu hafifu. Tumbo lake lilikuwa jembamba kuanzia shingoni hadi mkiani.

"Mwali amekula?" Winfrida aliuliza.

"Amekula."

"Lini?"

Alikuwa akijikuna vidole, na ngozi nyepesi, nyeupe, ilikuwa ikimtoka kwenye viungo vyake kama karatasi.

"Funga mlango, mama yangu. Baridi inaingia."

Winfrida aliufunga mlango, yeye akiwa upande wa nje.

Alijiambia kwamba ni kipupwe. Kila ngozi Morogoro hupasuka msimu ule. Alijiambia kwamba Nasibu anatania, kama kawaida yake. Hapo ndipo wazo la pili lilipomjia, nalo lilikuwa na ubaridi wa aina yake. Nyumba ile ilikuwa mali ya ukoo. Kaka yake Rogers, mfanyakazi wa reli kule Ngerengere, alikuwa karibu kuja kukabidhiwa nyumba pamoja na jina la Mjomba, na nyoka angechukuliwa na maofisa wa wanyamapori. Katika mambo hayo Nasibu, mume aliyeoa humo, hakuwa na kauli hata moja. Lakini Mjomba angekuwa nayo. Nani angethubutu kumtoa Mjomba nyumbani kwake?

Basi ama mumewe alikuwa anamdanganya kwa ustadi mkubwa, ama hakuwa anadanganya hata kidogo. Winfrida alilala akiuliza lipi kati ya hayo mawili lina nafuu, na alfajiri ilimkuta hajapata jibu.

*

Asubuhi alipanda milimani Mgeta kwa lori lililokuwa likienda tupu kufuata kabichi. Mama yake mkubwa, Anastasia, alikuwa kando ya mfereji akiosha karoti, miguu yake ndani ya maji ambayo kijana asingeyavumilia. Alipokea shikamoo bila kuinua kichwa. Akasikiliza habari yote bila kuikatiza. Mwisho akauliza jambo moja.

"Nani alimvua koti?"

Winfrida akaokota karoti, akaanza kuiosha naye.

"Nakuuliza wewe. Mtani huvuliwa na mwanamke wa ukoo kabla hajagusa chakula cha matanga, na anaitwa kwa jina lake mwenyewe, aitike, watu wasikie. Nani alimwita?"

"Hakuna, mama mkubwa. Nyoka alikuwa hajala, tukaona..."

"Mkamhurumia nyoka, mkamsahau mtu."

Aliendelea kuosha karoti. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, akasema watani wale ni waongo tangu tumboni mwa mama zao. Babu yake Nasibu aliwahi kujilaza kwenye jeneza la mtu ili apewe kuku. Huenda mjukuu naye ana hamu ya nyumba. Winfrida akamuuliza atajuaje.

"Mvue. Mwite." Anastasia sasa alimtazama. "Na usihangaike na anachojibu. Wewe sikiliza sauti inatoka wapi."

*

Lori lilichelewa kwenye utelezi wa mteremko, na Winfrida alifika Kihonda adhana ya magharibi ikiwa imekwisha. Mtaa mzima haukuwa na umeme. Jambo la kwanza alilowaza lilikuwa Mwali, kwamba taa ya joto imezimika na nyoka ataumia kwa baridi. Na hilo lilimfanya apite sebuleni mbio bila kuita mtu.

Chumba cha uani kilikuwa wazi.

Aliwasha tochi ya simu. Kioo cha sanduku kilikuwa kimesukumwa pembeni. Kufuli lilikuwa mezani. Alijishika shingoni: ufunguo ulikuwepo, kwenye uzi wake, vuguvugu kwa joto la mwili wake.

Ndani ya sanduku hapakuwa na kitu.

Harufu ya ugoro ilikuwa kali.

Kisha akausikia... mchakacho mdogo, mkavu, kama mtu anayekunja gazeti polepole. Ulitoka kitini. Koti la kijivu lilikuwa limetundikwa pale mgongoni mwa kiti, limefungwa vifungo vyote, na lilikuwa limejaa. Kifua chake kilipanda. Kikashuka. Kwenye mkono wa kushoto ilining'inia ngozi, nyeupe, yenye unyevu, iliyochorwa magamba mpaka ncha. Gamba zima. Nyoka alikuwa ameliingia koti, akajivulia humo.

Kichwa cha Mwali kikatokeza kwenye ukosi. Macho yake hayakuwa na utando tena. Yalikuwa mapya, meusi.

Winfrida aliunyoosha mkono.

"Umemgusa kwanza?"

Sauti ya Mjomba. Nyuma yake.

Aligeuza tochi. Nasibu alikuwa amesimama kizingitini na singilendi, mikono imelala ubavuni. Koti hakuwa nalo. Mtu wa kuvuliwa alikuwa amekwisha kuvuliwa, au amejivua mwenyewe, na bado sauti ya Mjomba ilikuwa haijamwacha.

Winfrida alipapasa ukutani, akaipata fimbo ya mpera. Hakujua kwa nini alitii. Labda kwa sababu amri ile aliitii tangu utoto. Alimgusa Mwali nyuma ya kichwa, mara moja, polepole. Nyoka akatulia. Ndipo akaita jina aliloelekezwa kuita.

"Nasibu."

"Naam, Wini."

Ilikuwa sauti ya mumewe, ile ya kila siku, yenye uchovu kidogo wa mtu aliyetoka kazini.

Ilitoka kwenye koti.

Alimmulika yule wa kizingitini. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Alikuwa akimtazama kwa upole, kama Mjomba alivyokuwa akimtazama alipokuwa akijifunza kushika koleo. Winfrida akaita tena, tochi haikubanduka kwenye midomo ile, na midomo haikucheza.

"Wini," koti likasema. "Huku kuna baridi."

*

Rogers alipofika alicheka kwa hasira. Dada yake ameolewa na fundi wa sauti, alisema, fundi huyo huyo aliyekuwa akizungumza kutoka kwenye sufuria, halafu leo anashangaa koti kusema? Alitia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa ufunguo wa pili wa kufuli, ambao kumbe Mjomba alikuwa nao siku zote. Nyuma ya choo alifukua ngozi za sungura, zimechunwa vizuri, na mifupa iliyogugunwa kwa meno. Mtu anaweza kula sungura, alisema. Anaweza pia kuvua koti, akamtia nyoka aliyezubaa kwa baridi ndani yake, akasimama mlangoni akamsubiri mkewe. Kila jambo lilikuwa na maelezo yake, na kila maelezo yaliishia kwenye nyumba.

Winfrida alimsikiliza. Alitamani sana kuamini. Mume mwongo angeweza kuishi naye, au kumfukuza. Huyo angalau angekuwa mtu mmoja.

Maofisa wa wanyamapori walikuja na kreti la mbao lenye matundu ya hewa. Yule mwanamume, koti likiwa limemrudia mwilini, aliwapokea vizuri. Aliwaonyesha namna ya kumbeba nyoka kwa mikono miwili, asining'inie, kwa maelezo yaliyonyooka ambayo Nasibu hakupata kujifunza popote. Aliwasaidia hata kufungua kreti.

"Mchukueni tu," aliwaambia. "Mwali akikua hutolewa nje."

Winfrida akaomba amtoe yeye. Alimgusa kwa fimbo, akamnyanyua. Mwali alikuwa mzito, ngozi yake mpya ina ubaridi wa mtungi. Akajizungusha kwenye mkono wake taratibu, pindo baada ya pindo, hadi mkia ukafika kwenye kiganja. Hapo ukatafuta. Ukaupata mshipa.

Ukabonyeza. Ukaachia. Ukabonyeza tena.

Winfrida alisimama juu ya kreti lililo wazi, watu wote wakimngoja. Alipoinua macho, yule mwenye koti alikuwa ameacha kutabasamu.

"Nendeni," Winfrida aliwaambia maofisa. "Kibali bado kipo. Nitamtunza mimi."

Rogers alibishana naye mpaka alasiri, kisha akarudi Ngerengere bila nyumba na bila jina, akisema atarudi na wazee. Hajarudi bado. Ester ameacha kuuza sungura jioni. Anayewataka awafuate mchana, mwangani, na aonekane uso.

Winfrida hulisha wote wawili. Mmoja mara moja kwa mwezi, kwa koleo. Mwingine kila jua linapozama. Huanza chumba cha uani: humgusa Mwali, humbeba, humweka mapajani karibu na taa, huzungumza naye kwa sauti ya chini habari za mtaani. Hajajibiwa tena tangu siku ile, lakini mkia hauachi kuutafuta mshipa. Kisha huenda sebuleni na fimbo ile ile, na kabla ya kumsogezea sahani yule aliyeketi kitini, humgusa begani, mara moja, polepole. Hapo tu ndipo hutulia.

Hajasahau hata siku moja.

Ila juzi alfajiri, usingizi ukiwa umemchukua kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alizinduka uso wake ukielekea ukutani. Hakusikia hatua. Chumba kilinuka ugoro. Kitu chembamba, laini, kilichong'arishwa na viganja, kilikuwa kimemgusa nyuma ya kichwa, mara moja, polepole.

Winfrida hakugeuka. Alitulia tuli, kama Mwali anavyotulia, akingoja mkono.